Gauni Jeupe la Wodi ya Wazazi

Itetemia, Tabora
19 Agosti 1951

Kwa Mama yangu mpenzi Bernadeta, Tura Stesheni.

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine tena, hii ya pili ni ya zile wiki tano nilizokaa kimya. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekuacha ulale sasa baridi ya Julai imepita. Karanga mmeshamaliza kumenya? Na yule kuku mweupe mwenye kiburi, bado anataga ndani ya kapu la mtama? Huku sote hatujambo. Kaka Ambrosi anakwenda karakana ya reli kila asubuhi na kurudi mweusi kama mkaa, na wifi hamruhusu kuvuka kizingiti mpaka anawe. Sanduku lako la bati lipo salama chini ya kitanda chao, mchwa hawajaligusa hata kidogo.

Nakusalimu na wewe Mwalimu Modest, maana najua barua hii unaisoma wewe, na Mama ameketi mbele yako amekuelekezea lile sikio lake zuri. Nakuomba usome polepole. Kama Mama Ng'washi na majirani wengine wamekuja kusikiliza habari za mjini, kama ilivyo kawaida yao, wakae tu kwa sasa. Wakati wa kuwaaga ukifika nitakuambia.

Mama, uliniuliza katika barua yako ya mwezi wa sita kama nimeshaizoea kazi ya ukunga, nikakujibu kuwa nimeizoea. Haikuwa kweli, na leo nataka kukueleza yote. Sisi wasichana sita tulipokelewa hospitalini kwa majaribio ya miezi mitatu. Aliye katika majaribio hapewi sare. Tuliambiwa tuje na nguo zetu wenyewe, safi, na ikiwezekana nyeupe. Wenzangu ni mabinti wa makarani na walimu, wakaja weupe kama kanzu za misa. Mimi nikaja na lile gauni langu la kaniki ulilonishonea mwaka wa kipaimara, ambalo wifi amelishusha pindo mara mbili na bado linaonyesha magoti.

Silidharau gauni lile, Mama, wala sikulaumu. Lakini kwapani upande wa kulia lilikuwa na kiraka kikubwa cha rangi nyingine, na mimi nilijua kuwa kipo. Sista Katarina, mkuu wa wodi yetu, ni Mzungu mrefu anayesema Kiswahili haraka kuliko sisi wenyewe, na kila asubuhi hutuuliza maswali huku tumesimama mstarini. Anayejua jibu huinua mkono. Mimi majibu nilikuwa nayo, mara nyingi kabla ya wengine, ila mkono wangu ulikuwa umegandana na mbavu. Nikajizoesha kusimama nyuma ya mlango, karibu na ndoo. Ajabu ni kwamba kusimama huko kulinishika hata nilipokuwa sina kazi. Njiani nilikuwa napita pembeni, nyumbani nikawa nakula kwa kuinama, na nilikuwa nakasirika bila sababu. Wifi alidhani naumwa.

Basi ikatokea siku moja nikapitia kitanda cha mama mmoja wa kutoka Igunga aliyejifungua jana yake. Nikamgusa kipaji cha uso, nikamgusa miguu, nikajua kuwa ana homa, ile mbaya ya uzazi. Nikaenda kumwambia Sista. Nikawakuta wenzangu wamemzunguka, weupe watupu, kila mmoja na lake la kusema. Nikangoja nyuma ya mlango. Nikangoja mpaka wakatawanyika, naye akaondoka, na mimi nikaona aibu kumkimbilia. Ilipofika saa sita mchana mama yule alikuwa anaweweseka. Namshukuru Mungu kwamba alipona, lakini ilikuwa shida.

Sista akauliza ni nani aliyekuwa kwenye kitanda kile asubuhi. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama sikuona kitu. Nikamwambia niliona. Akasema kwamba asiyejua anaweza kufundishwa, lakini anayejua na kunyamaza ni hatari kwa wagonjwa. Akasema kama hatakuwa ameisikia sauti yangu kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, atanikatia tikiti ya kurudi Tura. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye ndoo.

Mwenzangu Josepha, ambaye baba yake ni karani, alinihurumia akaniazima gauni lake la maua, lenye mikono ya kuvimba na mkanda mwekundu. Nikajiona kwenye kioo cha kabati la dawa nikacheka mwenyewe. Na kweli siku ile sauti nilikuwa nayo, tena ya kumwaga. Nilitembea nikisikiliza visigino vyangu. Akaja bibi mmoja na bakuli la uji wa binti yake, akasimama njiani kupumzika, na mimi bila hata shikamoo nikamwambia wewe bibi, sogea huko. Aliweka bakuli lake chini taratibu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipotaja jina lako sauti ikakatika. Nikaomba radhi, nikambebea uji wake mpaka kitandani, na jioni ile nikamrudishia Josepha gauni lake. Yeye linampendeza, na maneno yale akiyasema yeye watu hucheka. Mimi yalinipwaya kama ile mikono.

Zikabaki siku tisa kabla ya sikukuu. Wiki iliyofuata, Jumatatu tarehe kumi na tatu, nikaenda kazini na gauni jeupe. Usiniulize kwanza limetoka wapi, nitafika huko. Limeshonwa na fundi Lukumani, mzee wa cherehani kwenye baraza karibu na soko, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Halina maua wala mbwembwe. Lina kola ndogo, mikono inafika kwenye viwiko, na mifuko miwili. Nililifua kwa buluu mara tatu mpaka umanjano ukatoka. Nguo yenyewe ni nzito, Mama, si kama hizi nyepesi za siku hizi. Nilipolivaa lilinikaa mabegani kama mtu mzima ameniwekea mikono, nikajikuta nimesimama wima bila kuambiwa. Kutoka Itetemia mpaka mjini niliwaamkia watu kabla hawajaniona. Nilimwamkia hata jirani mmoja mwenye mbwa mkali, ambaye siku zote nilikuwa namkwepa.

Sista alipouliza swali lake la asubuhi nikainua mkono. Alishangaa mpaka akasahau alichouliza, ikabidi Josepha amkumbushe.

Kesho yake, siku moja tu kabla ya sikukuu, mchana, akaletwa Mwanajuma, mke wa muuza asali wa hapa mjini, uchungu umeshamfika. Mama mkwe wake alikuwa naye. Sista alikuwa chumba cha pili na mama mwingine aliyekuwa katika hali mbaya, nami nikaachwa pale nimwangalie mpaka atakapokuja. Mtoto hakumngoja. Kichwa kikatoka, nikaona kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Mama mkwe alikuwa anapiga kelele mwenzake asukume, asukume kwa nguvu. Nikasema asisukume. Nikamwambia mama mkwe anyamaze na amshike mkono, na Mwanajuma nikamwambia aheme tu, asisukume mpaka nimwambie. Wakatii wote wawili. Mama, nusura nigeuke nyuma kutazama ni nani aliyesema vile.

Nikakipitisha kile kitovu juu ya kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nikamwambia asukume. Alikuwa msichana, amekuwa wa zambarau, kimya. Nikamsugua mgongo, nikamsafisha kinywa, nikamsugua tena. Alipolia, mama mkwe alikaa chini sakafuni. Walikuwa wamekuja na kanga moja tu, nayo ilikuwa imelowa, basi nikatoa mfukoni kipande kilichobaki kwenye gauni langu, ambacho nilikuwa nakitumia kama leso, safi bado, nikamfunga mtoto.

Sista alipoingia aliuliza ni nani aliyefanya kazi hii. Tulikuwa wahudumu wawili tu chumbani, na mwenzangu alikuwa ameingia wakati huo huo, lakini niliinua mkono hata hivyo. Akacheka. Mimi sikujua kuwa anaweza kucheka. Akaniambia kesho niende kwenye misa ya sikukuu kwa amani, tikiti haitakatwa. Kuanzia tarehe mosi Septemba nitapewa sare ya wodi na mshahara mdogo, na nitasoma miaka miwili. Mama, mimi mwanao nitakuwa mkunga.

Sasa Mwalimu Modest, wakati wenyewe ndio huu. Waage hao majirani, uwaambie habari za mjini zimekwisha, na ufunge mlango.

Mama, nimekuandikia kwamba sanduku lako lipo salama, na ni kweli. Sikukuandikia kwamba ni tupu.

Gauni langu ni ile merikani ya Babu Lugembe. Ni ile aliyorudi nayo kutoka pwani alipokuwa mpagazi, ujira wa safari nzima ya kubeba pembe, akakupa siku ya ndoa yako, nawe hukuikata hata kipande, ukaiwekea kafuri iwe sanda yako. Uliileta kwa Kaka Ambrosi ili mchwa wasiile, na mimi nikawa mchwa. Niliitoa wifi alipokwenda kisimani. Yeye na kaka hawajui, usiwalaumu.

Fundi Lukumani alipoikunjua alinusa ile kafuri, akaweka mkasi chini. Akaniuliza mwenyewe ni nani, maana nguo ya namna hii haitiwi mkasi bila idhini. Nikamwambia mwenyewe ameridhia. Uongo huo nimeshaungama kwa Padre jana, ila msamaha ninaoutaka ni wako. Nadhani mzee yule hakuniamini sana, kwa sababu aliacha kwenye kila mshono upana wa vidole vitatu kwa ndani, na pindo akalikunja mara mbili. Aliponipa aliniambia kwamba likifumuliwa, nguo itaunganika tena. Kitakachopungua ni kile kipande cha mtoto wa Mwanajuma. Wao wanadhani ni zawadi ya hospitali, na naomba wabaki wakidhani hivyo.

Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini huvai merikani nzuri vile na kaniki yako imechanika. Ulinijibu kwamba siku ile utakapokwenda hutaki kuona haya mbele ya waliotangulia. Mama, mimi haya zilinikuta mapema. Zilinikuta nyuma ya mlango, karibu na ndoo, na mama wa watu anaungua kwa homa. Nilipolivaa gauni lile sikuona sanda hata kidogo. Nilikuona wewe upande huu na Babu upande ule. Najua nimekosa, na ninapolifua usiku moyo unaniuma, lakini asubuhi nikilivaa nina furaha. Sijutii vya kutosha, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Kuanzia Septemba sitalihitaji kazini. Ukisema nilifumue, nitakaa na wembe nilifumue mshono kwa mshono, nikuletee merikani yako Noeli. Ukisema nivae, nitakuja nimelivaa, nishuke nalo stesheni ulione. Kwa vyovyote vile, mshahara wangu wa kwanza utakununulia jora jipya, zima, lisiloguswa. Ila Mama, nakuomba usiwe na haraka nalo.

Nisalimie wote wa nyumbani, na Mama Ng'washi mwambie asininunie kwa kufungiwa mlango. Kaka na wifi wanakuamkia. Nami napiga magoti hapa nilipo, nikingoja jibu lako kwa treni yoyote litakayokuja nayo.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Apolinaria

Nimesahau jambo moja, Mwalimu Modest. Jibu la Mama uliandike kama atakavyolitoa, usilitie sukari. Akinigombeza, andika yote. Na akikaa kimya, tafadhali usiondoke, mngojee. Mimi najua jinsi mtu anavyoweza kuwa na neno, na mkono ukakataa kuinuka.