Ukingo wa Tepu kwenye Pijo ya Baba

Kawangware 46, 4 Agosti 2025

Ami Usman,

Assalam aleikum. Natumai mgongo wako umetulia na nyumbani Kibera hamjambo.

Dai langu ni hili, na nitalitetea: gari kuukuu halipakwi rangi likiwa limevaa mapambo yake. Kromu, vitasa, raba za vioo, vyote huvuliwa kwanza. Ulipoandika kwenye kundi la familia kwamba digrii imenifundisha kubomoa gari la marehemu, ukoo mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Fundi Lusweti nami tumevua mkanda wa kromu wa mlango wa kushoto, na chini yake tumekuta kutu iliyokwisha kutoboa bati. Kufunika kromu kwa tepu na gazeti na kupaka kando yake, unavyotaka wewe, kungeificha tu. Rangi ingefura kabla ya vuli kwisha. Pijo hii ndiyo aliyotuachia Baba. Dada Malika atatoka nyumbani kwa arusi yake ndani yake, ikiwa nzima.

Mwanao,
Faisal

Makina, Kibera, 12 Agosti

Faisal,

Waaleikum salaam. Mgongo bado unanisumbua, mamako yuko sawa. Unaandika kama wakili, lakini Jumapili nilipita hapo kwa Lusweti nikapata gari iko uchi, vitasa ziko kwa karai. Mimi nimepaka magari na tepu tangu ukivaa nepi na hakuna mtu amewahi kunirudishia. Sasa sikia. Arusi ni tarehe thelathini. Ijumaa yake, ikifika alasiri na Pijo haijasimama hapa kwa lango, namuuzia mtu wa vyuma chakavu, na Malika atapanda gari ya kukodi. Mamako amekubali. Na hizo klipu za kushika kromu, msomi, ukivunja hupati zingine Nairobi hii.

Ami yako,
Usman

Kawangware 46, 31 Agosti

Ami,

Salamu, na pole tena kwa mgongo.

Klipu mbili zilivunjika kweli. Lusweti alitaka kubandika mkanda kwa gundi. Nilikataa, tukabishana mpaka tukachonga nyingine kutoka kwa jerikeni kuukuu. Zimeshika. Ijumaa ulikuwa langoni na mtu wako wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nasi tukaingia Makina adhana ya alasiri ikianza. Mama alijitazama kwenye kromu, akatengeneza ushungi wake, akamwambia yule mtu aende salama.

Jana, vigelegele vilipomfuata Malika ndani, ulidhani umebaki peke yako na gari. Nilikuwa dirishani. Ulipitisha ukucha kando ya raba ya kioo, ukitafuta ule ukingo wa rangi ambao tepu huuacha. Ukazunguka, ukajaribu upande wa pili. Haukuwepo, Ami, wala hautakuwepo.

Asubuhi umeninong'onezea kwa simu, "Imetoka poa." Hainitoshi. Ulinicheka mbele ya ukoo, basi nijibu mbele ya ukoo: andika kwenye kundi la familia, leo, kwamba kromu huvuliwa kwanza. Nimeshika simu.

Mwanao,
Faisal