Mzigo Uliofungwa kwa Isale

Kibosho,
S.L.P. ya Parokia,
Moshi.
22 Mei, 1995

Mpendwa shemeji Antoni,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lushoto, wewe na Pamela na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi tunaendelea vizuri. Mama analalamika goti, lakini akisikia kuna pombe ya mbege kwa jirani goti linapona lenyewe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Mvua mwaka huu zimekuja za kutosha. Ng'ombe amezaa jike. Kahawa tumeiacha ilivyo, maana bei unaijua. Lakini hayo siyo yaliyonikalisha nikuandikie. Nimekaa kukushukuru, na shukrani yenyewe ina hadithi, basi na wewe tafuta mahali ukae.

Miche ya miringaringa uliyotutumia ilifika, ila haikufika kwetu. Dereva wako Shedrack aliulizia nyumba ya akina Mallya, jina letu sote, akaonyeshwa nyumba ya kwanza barabarani, na nyumba ya kwanza ni ya kaka yenu Kornel. Hakukuta mtu. Akauacha mzigo barazani, akaondoka na lori lake.

Unajua hali ilivyokuwa. Tangu Sirili wangu aangushe ule mringaringa mkubwa wa mpakani apate mbao, ukalalia migomba na mibuni ya Kornel, hao wawili hawakusalimiana tena. Kornel alitaka aombwe radhi. Sirili alisema mti hauna macho. Na kwa kuwa mfongo, ule mfereji wetu wa maji, unapita kwanza kwa Kornel, akauziba upande wetu. Miaka mitatu nimepandisha ndoo kutoka mtoni, na mama kila Krismasi alikula kwa mwana mmoja huku akimlilia mwingine.

Sasa wewe, kwa kukosa kamba au kwa sababu unayoijua mwenyewe, ulifunga mzigo kwa majani ya isale. Mimi nilipoolewa huku kutoka Songea nilidhani isale ni mmea wa kuonyesha mipaka tu, mpaka nilipofundishwa kwamba kwenu Wachagga ukimpelekea mtu isale umemwomba msamaha, naye hana ruhusa ya kukataa. Kornel alirudi nyumbani akakuta barazani miche ya mti ule ule, imefungwa kwa isale, tena kwa fundo. Mwenzangu, wewe ungefikiri nini?

Asubuhi alikuja kwetu tukiwa tunakunywa chai, mzigo begani, jembe mkononi. Kwa kuwa mizizi ilikuwa mitupu bila udongo, alikuwa ameichovya kwenye tope la mfongo na kuizungushia magome mabichi ya mgomba isikauke.

"Sirili," akasema, "isale nimeipokea. Twende tukapande kabla jua halijawa kali."

Sirili akafungua mdomo aulize isale gani. Mimi nilikuwa nimeshasoma barua yako kwamba miche iko njiani, nikaelewa mara moja. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, shemeji, nikamkanyaga kweli kweli. Mama akawahi kusema asante mwanangu, akaanza kulia, na hapo Sirili akakosa pa kupitia.

Walipanda pembeni ya kile kisiki. Kubishana hawakuacha, ni ndugu zako hao. Sirili alichimba vishimo vyembamba kama vya kupandia mahindi, mizizi ikajikunja ndani, Kornel akaing'oa na kumwamuru achimbe upya kwa upana ili kila mzizi ulale ulivyonyooka. Wakashindilia udongo kwa visigino, wakatandaza majani makavu ya migomba bila kuyagusisha na shina, wakasimika matawi ya kutia kivuli. Kisha Kornel akapandisha juu kwenye mfongo peke yake bila kuombwa, akauzibua. Niliposikia maji yanakuja kwenye migomba niliketi chini nikalia kama mtoto. Sina aibu kukuambia.

Karibu miche yote imechipua. Mmoja uliliwa na mbuzi wa Kornel na hakuna aliyenuna.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia. Kila tulipokaa kwenye mbege Kornel alimsifu mdogo wake kwa unyenyekevu, na Sirili aliangalia ndani ya kata kama kuna kitu kimetumbukia. Usiku alikuwa halali vizuri. Nami nilijua nikisema neno nitaharibu, basi nikanyamaza.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Sirili alikata tawi la isale mpakani na kwenda nalo kwa kaka yake. Nilimfuata nyuma. Kornel alipomwona alicheka, akamuuliza ya pili ya nini tena, wakati alishamsamehe.

"Hii ndiyo ya kwanza, kaka," Sirili akasema. "Ile ilikuwa kamba ya Antoni."

Kornel aliliangalia lile tawi, nami nikaanza kuyahesabu maji yangu kuwa yamekwenda. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akashika njia ya mpakani, akalichomeka ardhini katikati ya miche. Akamwambia Sirili alete maji.

Ahsante, shemeji. Ulitutumia miti, tukapata na mtu wetu. Mungu akurudishie kwa watoto wako, wapendane wakiwa wadogo na wazidi wakiwa wakubwa. Mama anakusalimu, anasema uje uone. Kornel na mkewe Justina wanakusalimu. Sirili naye anakusalimu, ingawa anadai hana la kusema. Mbusu Pamela na wanao kwa niaba yangu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Zita

Ukituma mzigo mwingine, usinunue kamba.