Ukuta Ambao Baba Ameuacha Mtupu

Stoo, nyuma ya kaunta ya tatu,
Supamaketi yetu mpya.
Jumapili, tarehe 16 mwezi wa pili.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na yule bingwa wenu aliyeng'oka jino la mbele. Hamjambo? Goti lako linaendeleaje? Nilikuambia ulichue kila jioni, na najua hukulichua, maana tangu utoto wewe dawa ni mpaka ushikwe na watu wawili. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo na kugomba sana, kwa hiyo ni mzima. Habari za Mama zina mahali pake, nitafika huko, usirukie mwisho.

Kabla ya yote, nenda kachukue barua yangu ya mwezi uliopita. Umeipata? Ichane. Ichane vipande vidogo vidogo, visisomeke hata na jirani. Yote niliyoandika humo juu ya mdogo wetu Penseli, kwamba ametujengea tanuri badala ya duka, kwamba shule imempa kiburi ikamnyima akili, si kweli. Na nawe hukukawia! Ulimpigia simu siku hiyohiyo ukamwambia aache michoro atafute kazi ya maana. Alininyamazia siku mbili ndipo akanieleza. Basi sote wawili tumemkosea, ila mimi ndiye niliyeanza.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ulikuwa mbali na mimi nilikusimulia nusunusu.

Duka la zamani unalikumbuka, lile la bati tupu, saa nane mchana tukiita saa ya kukaangwa. Mama alikaa pale kwenye mashine ya kulipia miaka thelathini. Siku alipozirai alikuwa ameshika kopo la maziwa la mteja, na hata alipoanguka hakuliachia. Daktari akasema joto tena basi. Baba akasema hilo dogo, duka jipya tunalopanga kujenga tutafunga viyoyozi. Lakini pumu ya Mama unaijua. Benki tu, akikaa robo saa chini ya kile kiyoyozi chao, kifua kinafunga anatoka akihema. Kwa hiyo joto hapana, na baridi ya mashine hapana. Maana yake Mama akae nyumbani.

Na Mama wa kukaa nyumbani hayupo, Spana. Alianza kupanga chumvi na sukari kabatini kwa tarehe, tukienda kuchota chai anatuambia tupange foleni. Tulicheka. Lakini mara mbili nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani, anatazama mlango, na siku hizo sikucheka.

Ndipo Penseli akamwambia Baba: nipe hilo duka nilijenge mimi, na Mama atarudi kwenye kaunta yake bila kiyoyozi hata kimoja. Baba akamtazama kama mteja anayetaka kurudisha bidhaa bila risiti. Mwishowe akakubali, kwa sharti. Alisema duka likisimama anapigilia msumari karibu na kaunta, anatundika kipimajoto, na baada ya kufungua anatoa mwezi mmoja. Ukiisha na duka bado moto, anaziba matundu yote ya hewa, anafunga viyoyozi, na Mama anabaki nyumbani moja kwa moja.

Ujenzi wenyewe ungekufurahisha, wewe mtu wa mikono. Udongo wa msingi haukumwagwa kwa watu. Ulishindiliwa kwa mashine ya mkono ukawa matofali, yakaanikwa kivulini, na halikuchomwa hata moja, kwa hiyo hakuna mti uliogeuka kuni kwa ajili yetu. Fundi mkuu ni yule tunayemwita Timazi, kwa sababu hata akiwa kwenye foleni anawanyoosha watu wasimame mstari. Mapaa ni mawili, moja juu ya jingine, katikati panapita hewa, na la juu limepakwa rangi nyeupe. Maji ya mvua yanashuka kwenye tangi, ndiyo tunayopigia deki na kusafishia vyoo. Mchana hatuwashi taa, madirisha ya juu yanatosha.

Majokofu yana milango ya vioo. Baba aligoma wiki nzima, akidai mteja akiona mlango anaona kazi. Sasa ukiuacha wazi huku unachagua maziwa ya mgando, ni Baba huyohuyo anayekuja kuufunga, tena anakuangalia mpaka uone haya.

Na kaunta ya Mama imetengenezwa kwa mbao za kaunta ya zamani. Lile kovu lako lipo, pale ulipoijaribu spana yako ya kwanza ukala kofi.

Basi tukafungua. Mungu wangu! Wiki ya kwanza siagi ililainika rafuni, ya pili chokoleti tukaziuza kama uji. Wasichana wa kaunta walijipepea kwa vifuniko vya maboksi. Kipimajoto cha Baba kilipanda kikakaa hukohuko juu. Penseli alipanda ngazi na kushuka mpaka viatu vikachanika. Akakagua paa, akakagua madirisha ya juu, akazunguka nje kukagua matundu ya chini, yote safi, hata kiota cha ndege hakuna. Baba hakungoja mwezi uishe, akamwita fundi wa viyoyozi. Jamaa alikuja na chaki, akachora alama za X ukutani, akasema anarudi Jumatatu na waashi. Ndipo nilipokuandikia ile barua. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, inatangulia miguu.

Sasa nisikilize, na usicheke kabla sijamaliza.

Upande wa nyuma, kule kwenye miti ambako jua halifiki, kuna ukuta mrefu unaoanzia karibu na kaunta mpaka stoo. Chini, usawa wa goti, una matundu ya hewa mstari mzima. Siku ya kuhamia Penseli aliniambia, dada, ukuta huu usiegemezwe kitu. Nikamjibu sawa. Ile sawa ya kumtoa mtu mlangoni. Maana ukuta mtupu, Spana! Sisi tulilelewa na nani? Baba alitufundisha ukuta mtupu ni hasara kabla hatujajua kuhesabu. Tumelala na maboksi ya sabuni miguuni. Mimi nikiona ukuta mtupu mikono inawasha. Jioni ileile nikapanga maboksi ya karatasi za chooni, nepi na sabuni ya unga kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa, nyuma ya rafu ya mwisho, mstari umenyooka Timazi mwenyewe angenisifu. Kisha nikafunga mnyororo, na unajua nyuma ya mnyororo wangu hapiti mtu, hata Baba hubisha hodi. Matundu nilijua ni ya hewa, sikatai. Ila nilijiambia hewa si iko juu? Na madirisha ya juu si yapo?

Ijumaa hiyo, kabla ya Jumatatu ya waashi, akaja mnunuzi wa hospitali, akabeba karatasi za chooni zote, na nepi zote, na sabuni karibu yote. Walipoondoka nikashika ufagio. Nafagia, nikasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu. Nikadhani kuna mlango wazi. Nikatazama, pindo la gauni langu linacheza. Nikainama, nikaweka kiganja kwenye tundu. Hewa ilikuwa inaingia, baridi, ina harufu ya majani, kama mtu anapumua upande wa pili.

Nilikaa juu ya boksi moja kati ya yaliyobaki. Baada ya saa moja msichana wa kaunta akaita, dada, leo kumetokea nini, mbona kuzuri? Nilikwenda kutazama kipimajoto, kimeshuka kama kimekatwa miguu.

Nikuambie kweli yote, maana wewe ni damu yangu. Shetani alinijia. Aliniambia, nyamaza, Bi Stoo, usirudishe maboksi, kila mtu ataona muujiza na heshima yako itabaki palepale. Na nilimsikiliza, Spana, dakika nzima nzuri. Kisha nikamkumbuka Penseli asubuhi ile, anakunja michoro yake kwenye mrija wake, anamwambia Mama nisamehe, nilikuahidi nikashindwa. Mama akamjibu si kitu mwanangu, hata nyumbani kuna kazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na kikombe cha chai. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Nikamwita. Nikamfungulia mnyororo, nikamwonyesha alama za maboksi sakafuni, nikasema ni mimi. Aliziangalia, akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, dada, umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja tu? Nikasema hayatoki, lazima mawili. Akasema basi, mimi nilitoboa mawili, wewe ukaziba moja kwa nepi. Kisha kicheko kikakatika, akalia, tena kwa hasira. Hizo ndizo siku mbili alizoninyamazia, na nilistahili ziwe kumi.

Kwa Baba nilikwenda peke yangu. Nilitegemea radi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maboksi mangapi, nikasema mia na arobaini. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha." Hilo tu. Akavua koti, akaenda kuhamisha yaliyobaki kwa mikono yake, na viatu vyake vya kutokea. Waashi wa Jumatatu walirudishwa mlangoni, na zile X za chaki Timazi alizifuta kwa kitambaa kibichi huku anapiga mluzi.

Tulingoja siku nyingine nane, mwezi utimie, maana Baba alirudi kwenye sharti lake. Kipimajoto hakikupanda tena, hata ule mchana ambao lami ya barabarani ilikuwa inanata kwenye viatu.

Jumatano Mama amerudi. Alivaa gauni la maua ya bluu, akaingia kama mkaguzi, akapitisha kidole kwenye kila rafu, akanigombeza kwa vumbi ambalo halikuwepo. Baba alikuwa ameisogeza kaunta yake mpaka kwenye ukuta ule, penye matundu. Alipokaa akalipapasa kovu lako kwenye mbao, akacheka peke yake. Kisha akavuta pumzi, ndefu, moja, halafu nyingine, na kifua hakikulia. Penseli alikuwa amejificha nyuma ya rafu ya biskuti. Nilimwona. Na mimi nililia, siwezi kukuficha.

Jana dereva wa mzigo alileta sabuni, akateremsha boksi la kwanza akaliegemeza palepale. Baba alitoka mbio kwa mguu ule wake mbovu. Dereva akashangaa, akamwambia mzee, lakini ukuta si mtupu? Baba akamjibu, "Si mtupu. Hapo anapumulia mke wangu."

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukimaliza kuchana ile barua, chukua simu umpigie Penseli. Usianze na hali ya hewa, omba radhi kwanza. Anajifanya amesahau lakini hajasahau. Wenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili wamekuja kumwomba awachoree lao, naye ameandika kwa herufi kubwa nyekundu chini ya kila ukuta: HAPA BI STOO HARUHUSIWI. Nakala ya mchoro huo nimeibandika hapa stoo, ninaitazama nikiwa ninakuandikia.

Timazi anakusalimu, wasichana wa kaunta wanakusalimu ingawa hawakujui. Baba anakusalimu, anasema goti lichuliwe. Mwambie wifi nampenda, na bingwa mwambie shangazi yake amemwekea zawadi ya jino. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape afya na riziki, na siku moja awalete tukuone ukiingia kwa mlango wa mbele.

Nilitaka kufunga bahasha, Mama ameniita kutoka kwenye kaunta yake. Anasema huko kwenu nguo za baridi ni nzuri, umtafutie sweta, la vifungo, jepesi, kwa sababu ikifika saa nane mchana pale anapokaa panamsisimua mabega.

Saa nane mchana, Spana. Mama yetu anaomba sweta.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyeshindwa nikakubali,
Bi Stoo