Thina Ndani ya Tangi Lako

Kamau, ndugu yangu,

Jumamosi tuliwasha pikipiki yako. Nataka habari hiyo uisikie kwangu kwanza.

Tangu nimonia ikuchukue, ilikuwa imesimama chini ya turubai nyuma ya nyumba, hapa Ruiru. Kila jioni nikitoka ofisini Thika napitia upande ule mwingine ili nisiione. Mama ndiye aliyeamua kwamba Otieno, mwenzako wa bodaboda pale steji ya Membley, aichukue aifanyie kazi.

Otieno akaja, akaipiga teke mpaka jasho likamtoka. Akasema petroli imekauka ndani ya kabureta na kuacha uchafu, lakini dawa anaijua, wewe ndiwe uliyemfundisha: thina kidogo, ile ya kuchanganyia rangi, imiminwe kwenye tangi, nayo itasafisha yenyewe bila kufungua kitu.

Ile thina. Si nilikuwa nakufuata na simu mkononi, nikikusomea kwamba inaharibu mipira ya kabureta na petroli itaanza kuvuja? Ukanicheka. "Karani, wewe unaogopa hata chai ikifuka." Nilitaka kumkataza Otieno. Lakini alivyoongea, ungedhani ni wewe. Nikamwacha aimimine.

Ikawaka, Kamau. Ilikohoa moshi, halafu ikanguruma vilevile, na Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Alikuja kama mtu anayekwenda kukufungulia lango.

Hapo nikaona petroli ikidondoka kutoka chini ya kabureta, kando ya injini. Nikaogopa moto. Nikazima kabla Mama hajafika.

Otieno alipoifungua, mpira wa ndani ulikuwa umevimba, laini kama chingamu iliyotafunwa. Miaka yote ile ya thina yako. Kumbe nilikuwa sahihi, na wa kumwambia hayupo. Mama alisimama ameshika kiti cha pikipiki, unga ukibaki juu yake, akaniuliza polepole, "Si ungeiacha tu kidogo?"

Ingeweza kutuunguza, najua. Najua pia nilichomnyang'anya.

Pumzika, ndugu yangu. Otieno ataleta mpira mpya. Kabureta tutaifungua tuisafishe kwa mkono, na thina haitaingia tena kwenye tangi. Siku tutakayoiwasha nitamwita Mama kwanza, nimwekee kiti karibu. Kuzima nitamwachia yeye, wakati atakaotaka.

Dada yako,
Wanjiru