Madamu Hataki Kushikwa

Jumatatu, 4 Agosti

Saa moja asubuhi. Chai, mkate, kisha paka. Nimempapasa kama kila siku, kutoka kichwani hadi mkiani, taratibu. Akafumba macho. Nikasema leo tumepatana. Mara kucha. Mkwaruzo wa sentimita nne na nusu, kifundo cha mkono wa kulia. Niliupima kwa rula. Miaka thelathini nimepima barabara za nchi hii, siwezi kuandika "mkwaruzo mkubwa" nikaridhika.

Anaitwa Madamu. Jina alipewa na Consolata, mke wangu. Consolata amefariki, paka amebaki. Nampapasa kwa sababu yeye alimpapasa. Sina sababu nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Binti yangu Nadine amepanda kutoka Kinanira hadi huku Mutanga kupanga kuganduka. Tarehe 23 tunatoka rasmi kwenye msiba wa mama yake. Misa, kisha watu hapa nyumbani, hotuba, vinywaji. Baada ya hapo nahamia kwake. Nilikubali tangu Pasaka. Chumba kimeshapakwa rangi.

Madamu hana chumba. Mtoto wa Nadine ana miezi minane, anatambaa, anavuta kila kinachoning'inia. Nadine aliitazama mikono yangu. "Papa, hiyo paka ikifanya hivi kwa mutoto, tutasema nini?"

Ana haki. Inaniudhi kwamba ana haki.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameniuma. Meno, si kucha. Kati ya kidole gumba na kinachofuata. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Nimeosha kwa sabuni na maji ya akiba ya bidoni, muda mrefu, kisha nikaenda zahanati kwa miguu. Muuguzi aliuliza kama paka amechanjwa. Amechanjwa. Karata yake ya chanjo Consolata aliiweka pamoja na za kwetu. Wamenichoma sindano hata hivyo, nirudi Jumanne.

Niliporudi nilimgombeza Madamu kwa Kifaransa. Mtu wa miaka sitini na nane. Yeye alikuwa anajilamba mguu.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda misa. Mkono umevimba. Namchukia huyu paka. Basi, imeandikwa.

Jumanne, 12 Agosti

Sindano ya pili. Salvator, zamu wetu, mlinzi wa getini, ameona bandeji. Yeye anakaa Buterere, karibu na mashamba ya mpunga. "Muzee, kule panya ni kubwa, zinatoboa gunia. Mi nitamuchukua." Tumekubaliana Jumamosi. Nadine nimempigia simu, amefurahi. Mimi pia nimefurahi. Nimekula vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejaribu tena. Mkono wa kushoto safari hii. Niliona mkia unachapa kiti, masikio yamelala nyuma. Nikadhani ananung'unika kwa kuwa nakaribia kuacha.

Huku kwetu salamu haikatwi haraka. Unamshika mtu mkono, kwa ule wa pili unamshika kiwiko, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe hata kama hana ng'ombe. Anayeondoa mkono kwanza ana kinyongo. Kwa hiyo niliendelea, ili asione kwamba nina kinyongo.

Mikwaruzo mitatu. Sentimita mbili, mbili na nusu, moja.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Riziki amepita na ndagala zake, dagaa wa ziwani anaouza. Ni wa Uvira, alikuwa rafiki wa Consolata. Kila Ijumaa walikaa sebuleni hadi ndagala zianze kunuka. Leo ameona mikono yangu, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Papa Nadine, we unamushika kama mutu ya salamu. Mama Nadine alikuwa anamupapasa mara tatu, ine, anasema 'inatosha', anatoa mukono. Apana kungojea paka ikasirike."

Inatosha. Miaka sita nimelisikia neno hilo kutoka sebuleni. Nilidhani anamnyima paka chakula.

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Nadine. Asubuhi ya mwisho, hospitalini, nilikuwa nimemshika Consolata mkono tangu kulipopambazuka. Niliukaza. Alisema, "Inatosha," akauvuta. Nilitoka nikakaa kwenye korido. Niliona amenifukuza, baada ya miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Nilikaa kule na hasira yangu. Waliponiita alikuwa ameshakata roho.

Karibu mwaka mzima nimelibeba neno lile kama tusi. Mkono ule ulikuwa na sindano ya maji. Nimeikumbuka leo tu, mbele ya ungo wa ndagala. Ulikuwa unamuuma. Hakusema nitoke. Nilitoka mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Salvator alikuja na gunia tupu la mchele. Nimemwambia hapana. Amehuzunika kwa ajili ya panya zake. Nimemwahidi nitamtafutia paka mwingine, mtaa huu hawakosekani.

Kisha nilikaa sebuleni. Madamu akaja. Nilimpapasa mara tatu nikatoa mkono. Alibaki amekaa, akanitazama kama mtu aliyekatiziwa sentensi. Hakuna cha kupima leo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwambia Nadine kwamba sihami. "Papa, unachagua paka, unaacha mujukuu." Alikuwa analia. Nilitaka kukata simu. Nikamweleza ya hospitali, yote, hata hasira.

Aliuliza nilishika mkono gani. Wa kushoto. Akasema sindano ile waliichoma yeye akiwapo, mama aliuma shuka.

Nilikubali kwenda Kinanira kwa sababu nyumba hii ilikuwa ya mtu aliyenifukuza. Hilo nalo nilimwambia. Alisema tu atanunua maua ya kanisani yeye.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumeganduka. Watu wengi kuliko viti. Nimeshikwa mkono tangu misa hadi saa kumi na moja jioni, kila mtu na kiwiko changu na maswali yake. Wote wana nia njema. Hotuba yangu ilikuwa fupi. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu, nikasoma moja, nikakaa. Nilimlilia mke wangu mbele ya watu na sikuona haya.

Madamu alikaa juu ya kabati siku nzima. Nadine alimpelekea maji kule juu, akayaweka, akaondoka bila kumgusa. Nilimwona.

Jumapili, 24 Agosti

Viti vya kukodi vimerudishwa. Nadine amerudi kwake. Chumba kile atamlaza mtoto. Watakuja kila Jumapili, mimi nitashuka kila Alhamisi.

Baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kitandani. Nalala upande wa ukutani, kama siku zote. Wa dirishani ulikuwa wa Consolata, na tangu afe hata mto wake sijausogeza. Madamu alipanda, akazunguka, akajilaza pale pale, mgongo kwangu. Niliweka mikono kifuani. Tulilala hadi saa tisa.