Baba, Mwarabu wa Fomu Nilikuwa Mimi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikijua huna pa kuipokelea barua hii, na bahasha sitaifunga. Mwenye kutaka kusoma na asome, awe ni wa Likoni au wa kisiwani. Nilichoka kukaa na jambo ambalo tulilijua watu wawili tu, na mmoja ndiye wewe uliyeondoka.

Waikumbuka siku ya fomu? Ulikuwa kwenye cherehani, kanzu ya bwana harusi mmoja imekutatiza kwenye kola, nawe umenuna, maana kola ndiyo uliyojivunia. Mzee Hamisi Mwadzoro, jirani yetu wa mlango wa pili, yule afungaye kamba za feri, akaja na fomu saba. Wasichana saba tulikuwa tumemaliza darasa la nne, na Likoni nzima hapakuwa na darasa la tano la wasichana. Skuli ilikuwa ng'ambo, kisiwani, ya wasichana wa Kiarabu, na sheria ya serikali ilikuwa kila rangi na skuli yake. Nyinyi wazazi mlishakwenda kwa Afisa wa Elimu, mkaenda kwa mabwana wa manispaa, mkaambiwa njooni kesho, njooni kesho, mpaka viatu vikaisha soli. Basi mkapatana. Fomu zote saba ziingie siku moja, na kila mtu aandike alivyo, Mdigo aandike Mdigo, Mjaluo aandike Mjaluo. Wakikataa watukatae sote, wakikubali watukubali sote. Mzee Hamisi alilirudia hilo akiwa bado mlangoni, kwamba akichomoka mmoja tu, mambo yameharibika.

Hati za Kiarabu wewe ulizisoma kama maji, lakini herufi za Kizungu hukuzijua, wala hukuona haya kusema. Ukaniita, nikaitika abee, ukanipa kalamu. Jina, umri, mtaa. Tukafika kwenye kisanduku cha taifa. Ukasema, macho bado yako kwenye kola, "Andika Mswahili."

Nikaandika Mwarabu.

Mwalimu wetu alikuwa ametwambia waziwazi darasani kwamba mwenye kuandika Mswahili huhesabiwa Mwafrika, na fomu yake hurudi. Nami nilitaka kusoma, baba. Tena nikajidanganya kuwa si uongo mtupu, kwani bibi si alikuwa akisema babu wa babu yake alitoka Shihiri, Arabuni? Wewe ukimsikia ulikuwa ukicheka, ukisema huyo mtu wa Shihiri hajatuletea hata tende moja, sisi ni Waswahili na twatosha. Maneno yako nilikuwa nayo kichwani wakati kalamu iko mkononi, na bado nikaandika. Kisha wewe ukatia sahihi yako, kwa hati zako nzuri, chini ya neno usiloweza kulisoma.

Tulipoitwa ofisini tulikwenda sote, wazazi na wasichana, sisi tumepakwa mafuta usoni twang'aa. Mejumaa, bintiye Mzee Hamisi, alinishika mkono tangu kwenye feri. Afisa yule, Mzungu mwenye Kiswahili cha vitabuni, hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alisema fomu sita haziwezekani, ndivyo sheria ilivyo, na ya saba imekubaliwa, kwa kuwa mmoja wenu ameufahamu utaratibu. Akaigeuza ile fomu mkaiona sahihi. Nani Likoni asiyeijua sahihi yako? Wewe ndiye uliyewaandikia barua za posa na hati za nyumba zao.

Ukainama. Ukaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa pameandikwaje?"

Nilitafuta pa kukimbilia, hapakuwapo. Mbele meza ya Mzungu, nyuma Mejumaa, ubavuni wewe. Nikasoma lile neno, nikaona umefahamu. Mshipa wa shingo ulikutuna. Nilingoja kofi, na wallahi nilikuwa nalitaka, maana lingewaeleza watu wote ukweli bila mimi kufungua kinywa. Badala yake uliinuka, ukawatazama wenzako, ukasema, "Ni mimi niliyemwambia aandike hivyo."

Mejumaa akaniachia mkono.

Nyumbani nilikuangukia miguuni. Hukunipiga wala hukunikemea. Uliniambia ninyamaze. Nikisema ni mimi, fomu itakuwa ya uongo, nitatolewa skuli, na wale sita bado hawataingia. "Basi wewe soma," ukasema, "angalau tusiwe tumekosa vyote." Tangu siku hiyo nilijiona kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje, na aliyeufunga ni mtu anipendaye.

Sare ulinishonea mwenyewe. Kila asubuhi nikiivaa, nikishuka gatini, na pale kwenye kamba ndipo alipokuwa Mzee Hamisi. Kwenda kisiwani hapakuwa na njia nyingine. Nikimwamkia, ataitazama kamba. Si siku moja hiyo, baba, ni miaka. Nilijaribu kujificha nyuma ya malori, nikajaribu kujitanda buibui juu ya sare, akanijua kwa miguu yangu. Wewe nawe wakakubandika jina, Mwarabu wa Fomu, na watoto wakawa wakikuimbia ukipita. Yale mapatano ya wazazi yalikufa siku ile ile ofisini. Hakuna aliyerudi tena manispaa, kwani kila mmoja alianza kumwogopa mwenziwe. Wenye kanzu wakapeleka kanzu zao kwa fundi wa Mtongwe, wewe ukabaki kushona foronya na mapazia.

Nami skuli nikaipenda. Hili ndilo linichomalo kuliko yote. Nilikuwa nikifurahi. Nikirudi na kitabu cha jiografia nikikusomea majina ya milima na miji ya mbali, nawe ukisikiliza umefumba macho, ukiniambia rudia, hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Ulikuwa umelisikia.

Ulipokufa, Mzee Hamisi alikuja kukuswalia kwa kuwa ni faradhi. Jeneza lako hakuligusa. Lilipotoka nyumbani nilimwona kwa dirisha, amesimama ng'ambo ya njia, mikono nyuma, mtu mliyefuturu naye sinia moja miaka na miaka. Niliuma ncha ya buibui nisipige ukelele. Hata hapo sikusema. Uliniusia ninyamaze, na wosia huo ulikuwa ukinifaa mimi, basi nikauita utiifu.

Sasa bendera imebadilika. Wanasema kila skuli ni ya kila mtoto, lakini Likoni bado hatuna darasa la tano la wasichana, na wazee wameanza tena kukutana ili waiandikie serikali mpya. Na nani wa kuwaandikia? Wakaniita mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Jumamosi iliyopita nikaketi mbele yao na kalamu. Mzee Hamisi akasema nianze na majina ya wale wazazi waliokwenda kwa Mzungu wakati ule, serikali ijue kuwa hatukuanza jana. Akanitajia moja moja, nikaandika. Yalikuwa sita, lako halikuwamo. Mejumaa alikuwa ameketi karibu na mlango, mtoto mgongoni. Fomu yake iliporudi alikaa nyumbani mpaka akaozwa.

Nikaiweka kalamu chini nikawaambia yote, kisanduku, mtu wa Shihiri, na kwamba wewe hukuniambia niandike vile, uliniambia Mswahili. Nikasema watakalonifanya nalistahiki. Sikulia, nilijikaza, kwani kulia kungekuwa kuomba nihurumiwe. Niliwaomba radhi kwa walivyokutenga kwa kosa langu. Nikamwomba radhi Mejumaa kwa jina lake. Lakini kusema kwamba najuta kusoma, baba, nilishindwa. Neno hilo halikunitoka, na Mejumaa alikuwa akinitazama midomo akilingoja.

Hakuna aliyenitukana. Mzee Hamisi alivua kofia akaiweka gotini. Kisha akasema niandike jina lako, na nilitie juu, la kwanza. Nikaandika. Nilipomaliza akaniuliza, na sauti ilikuwa haimtoki sawasawa:

"Sasa umetwambia, naye keshakwenda. Mimi nikamtake radhi nani?"

Watu wote walikuwa wakinitazama. Mara ile ofisini nilipobanwa hivyo, baba, aliyenijibia ulikuwa wewe.

Nakubusu mkono huko uliko,

Bintiyo,
Zuhura