Walijua Maji Yetu Yanabadilika

Alhamisi, mwezi wa tisa. Jua limewaka tangu asubuhi, na mimi pia.

(Ukurasa huu ni wa miaka ya themanini, tulipoishi nje kidogo ya Makindu. Nauweka hapa kama nilivyouandika wakati huo.)

Nina hasira. Nimeosha vyombo mara mbili ili tu mikono ipate kazi.

Chemchemi yetu hutoka vuguvugu chini ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya Chyulu zamani. Nilipoolewa hapa, maji yake yalikuwa matamu na sabuni ilitoa povu jingi. Mwaka hadi mwaka yakageuka. Siku hizi mbaazi zinachemka kutwa na bado ni ngumu, na sufuria imeota ukoko mweupe. Sisi tulisema ni ukame.

Lakini meno.

Ya mama mkwe wangu, aliyezaliwa hapa hapa, ni meupe mpaka leo. Ya binti yangu Mwende yalitoka na madoa ya kahawia. Muhula uliopita mwalimu alimchapa mbele ya darasa, eti ni mchafu, hapigi mswaki. Tangu hapo ameacha kwaya ya kanisa. Hata kucheka hacheki.

Leo nikiwa nachota, akaja yule mtaalamu wa maji ambaye kila mwaka hujaza chupa zake, hushukuru, huondoka. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, mbona maji yanazidi kuwa mabaya. Akaeleza kwamba yanakaa muda mrefu ndani ya mawe yenye joto na kuyeyusha madini, na mvua ikipungua yanakolea. Kuna aina moja ya madini, floraidi, huharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaota ndani ya fizi. Akasema imekuwa ikipanda tangu aanze kuja huku.

Nikaweka mtungi chini.

"Mlimwambia nani?"

"Ofisi, mama."

"Na sisi tunaoyanywa?"

Akakaza kifuniko cha chupa. Kisha akasema yeye hupima tu, kutangaza si kazi yake.

Sikumtukana. Nilichukua chupa zake alizokwisha kujaza, nikazimwaga moja moja miguuni pake. Nikamwambia hajazi tena mpaka aje kanisani Jumapili, aeleze mbele ya watu wote, na yule mwalimu akiwepo. Amekubali. Sijui ni kwa aibu, au ni kwa sababu wanawake wengine walishaanza kusogea.

Jioni nilimweleza Mwende kwamba si kosa lake, halikuwa kosa lake hata siku moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa yatarudi kuwa meupe?"

Nikamwambia hapana.

Hilo ndilo linalonichoma. Mtaalamu aje, asije, mwalimu aombe msamaha au asiombe, jibu la mtoto wangu ni hilo hilo.

Kitinda mimba wangu, Kioko, bado ana fizi tupu. Kesho nitatembea hadi mtoni, nichimbe maji ya mvua kwenye mchanga, nimpikie uji wake kwa hayo. Ni mbali, na mgongo utalalamika.

Ulalamike.